Mifugo ya Kinywani mwa Ayeeyo

Kila Jumatatu na Alhamisi, kwa karibu mwaka mzima, nilikuwa nikifika maabara kabla ya wanafunzi ili nimlishe bibi yangu. Najua sentensi hiyo inavyosomeka. Bibi yangu, ambaye sisi humwita ayeeyo, alikuwa ameshazikwa huko Diff, mpakani kabisa, na niliokuwa nikiwalisha ni bakteria niliowatoa kwenye ulimi wake alipokuwa hai. Waliishi katika visahani vya plastiki vyenye vifuniko, na juu ya kila kisahani niliandika tarehe na herufi moja, A. Jumatatu na Alhamisi ndizo siku alizokuwa akifunga sunna, jua liwake mvua inyeshe. Sikuzichagua kwa ajili hiyo. Nilipogundua nilicheka peke yangu, maana hata enzi za uhai wake hakutaka mtu amsumbue na habari za chakula siku hizo.

Mimi ni mwalimu wa maabara katika chuo kimoja hapa Garissa. Nawafundisha vijana kupaka makohozi kwenye kioo, kupanda usaha kwenye sahani, kutambua vimelea vya malaria, na kunawa mikono, ambalo ndilo somo gumu kuliko yote. Si kazi ya kutajwa harusini. Jamaa zangu wakisikia nashinda na mate ya watu hunionea huruma, kisha huniuliza kwa upole kama nafasi za unesi zilikuwa zimejaa. Nimezoea. Nyumbani tunasema Kisomali, na hata ndoto zangu ni za Kisomali. Haya nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu moja, na nitaifikia.

Ayeeyo ndiye aliyenilea. Mama aliponizaa aliugua, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akakaa huko muda mrefu, nami nikabaki na mama yake katika boma la ngamia nje kidogo ya Diff. Siku niliyozaliwa ayeeyo alinifanyia tahniki, ile sunna ya kumwonjesha mtoto mchanga tende kabla hajaonja kitu kingine cha dunia. Huombwa mtu mwema, mtu wa swala, ili mtoto apate chochote katika wema wake. Kwetu mtu huyo alikuwa yeye. Aliitafuna tende mpaka ikalainika, akaichota kwa ncha ya kidole, akanipaka kwenye kaakaa. Watoto wote wa boma lile walipita kwenye kidole hicho.

Kwangu mimi hakuishia hapo. Meno yangu yalichelewa kuota, kwa hiyo alinitafunia kila kitu: nyama ya mbuzi, ini, mkate wa anjera uliokauka. Watu wengine hukumbuka nyimbo walizobembelezwa nazo. Mimi nakumbuka mlio wa taya lake. Alitafuna polepole huku akinitazama machoni, nami nimekaa kinywa wazi nikingoja. Pumzi yake ilinukia mti wa mswaki na moshi, kwa sababu vibuyu vya maziwa kwetu hufukizwa kwa kijinga cha moto kabla ya kukamuliwa ngamia, na yeye hakupita siku bila maziwa. Hadi leo nikipita sokoni, pale akina mama wanapouza maziwa ya ngamia, harufu hiyo hunijia kutoka kwenye vyombo vya watu nisiowajua, nami husimama katikati ya njia huku mikokoteni ikinipigia kelele. Nina mvi tatu na mtoto mmoja, na bado namtaka ayeeyo wangu.

Meno alikuwa nayo yote isipokuwa mawili, na hayo mawili alisema yaliondoka na teke la ngamia, kwa hiyo hayahesabiki kuwa uzembe wake. Mswaki wake ulikaa pembeni mwa mdomo tangu alfajiri. Akitaka kusema jambo la maana aliutoa, na akiwa na la kutania aliuacha papo hapo. Sisi watoto tulijua kwa kuutazama ule mti kama tumepona au tumekwisha.

Siku niliyomzaa binti yangu, ayeeyo alifika Garissa juu ya lori la mbuzi baada ya siku mbili njiani, tende saba zimefungwa kwenye pindo la mtandio wake. Alikuwa amezichagua moja moja dukani Diff, akazikataa nyingine zote mbele ya mwenye duka. Alishuka amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akaoga, akaswali, kisha akaja chumbani kwangu kufanya kilichomleta.

Mimi nilikuwa nimehitimu mwaka uliotangulia, na sijui mtu wa hatari kuliko mtu aliyehitimu juzi. Chuoni tulikuwa tumefundishwa juu ya bakteria aitwaye Streptococcus mutans, anayekula sukari, akatoa asidi, asidi ikatoboa meno, na ambaye mtoto humpata kupitia mate ya anayemlea. Niliipenda sana elimu hiyo. Nilikuwa nayo tayari mdomoni, nikingoja wa kumwelezea.

Ayeeyo alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema bismillahi, akatia tende kinywani. Alikuwa ameshaanza kutafuna nilipomwambia angoje. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa Kisomali safi, nikihangaika kutafuta maneno ya wadudu wasioonekana na asidi isiyochoma ulimi. Nikamwambia mate ya mtu mzima humwambukiza mtoto, na siku hizi tunatumia kijiko kilichochemshwa. Mume wangu aliangalia sakafu. Taya la ayeeyo likasimama. Akaitoa ile tende kwa vidole viwili, akaifunga tena kwenye pindo la mtandio, kisha akaniambia kwa Kiswahili:

“Sawa, daktari. Kijiko iko wabi?”

Kiswahili chake, kisichojua p, alikiokota sokoni na kwenye vizuizi vya barabarani. Alikitumia kwa wanunuzi, makarani, askari na manesi, watu ambao ilibidi aelewane nao upesi kisha aachane nao. Maisha yangu yote hakuwahi kunisemesha kwa lugha hiyo. Wala mimi si daktari. Ndiyo maana nayaandika haya kwa Kiswahili: mazungumzo yale aliyahamishia huko mwenyewe, na hatukuyamaliza.

Kijiko nilimpa. Aliponda tende nyingine kwenye maji yaliyochemka, akainua kidole, akauliza, kwa Kisomali sasa, kama na hicho kichemshwe. Mswaki haukuwa mdomoni, kwa hiyo sikuweza kujua kama ananitania. Mtoto alipakwa kaakaa kwa mgongo wa kijiko cha chuma, akalia. Zile tende tano zilizobaki alimpa mume wangu.

Miaka iliyofuata nikaanza kufundisha, na kufundisha humlazimisha mtu kusoma kurasa alizoziruka. Huko ndiko nilikopata aibu yangu. Mutans huhitaji kitu kigumu cha kung'ang'ania. Mtoto wa siku moja hana jino hata moja, na mutans akiingia humo aghalabu hukosa pa kukaa. Tende ya siku ile isingemtoboa binti yangu jino ambalo hakuwa nalo. Nilikuwa nimemnyamazisha ayeeyo kwa nusu ya somo.

Ukurasa uliofuata ulikuwa mbaya zaidi kwangu, kwa sababu ulikuwa mzuri. Ulimhusu ndugu yake mutans, Streptococcus salivarius, mmoja wa viumbe wanaotangulia kufika katika kinywa cha binadamu, siku za kwanza kabisa, na wengi wao hutoka kwa yule anayembeba mtoto. Makao yake ni juu ya ulimi na kooni. Ukimtazama kwa hadubini, akiwa amepakwa rangi ya zambarau, utaona vidoa vidogo vya duara vilivyoshikana kwenye uzi mmoja, sawa na tasbihi. Ukimpa sukari hutengeneza utelezi wa kujishikizia, na makundi yake, yaitwayo koloni, huvimba na kung'aa juu ya sahani. Ana jamaa wa karibu wanaogandisha maziwa. Na baadhi ya salivarius wenyewe, si wote, hutoa kitu kinachomuua yule binamu yao mkorofi anayeleta vidonda vya koo. Hukaa mlangoni mwa koo la mtu tangu uchanga hadi uzee, hawadai chochote, na mwenye koo hana habari nao.

Sisemi watu waendelee kutafunia watoto. Yako maradhi yanayopita kwenye mate, nayaona kazini kila wiki, na nesi atakayekukataza hana kosa. Nasema tu kwamba siku ile nilijua jambo moja na sikujua la pili, nikalitumia lile moja kumfungia mlango mtu ambaye nilikuwa nimetoka mdomoni mwake.

Binti yangu alipofika miaka mitatu, ayeeyo alirudi Garissa kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilipofunguliwa bandeji, alianza kukagua dunia upya. Alimkagua mume wangu akamwambia amezeeka. Alikagua jikoni akaona mafuta kwenye ukuta. Siku mbili alizitumia hivyo, ya tatu nikamwomba aje na mimi kazini, ili nyumba ipumzike.

Nilikuwa naandaa somo la bakteria wa kawaida wa kinywa, nikahitaji kinywa. Nikamwomba afungue chake. Aliniuliza natafuta nini humo. Nikasema wadudu wale niliomwambia siku ile. Hilo ndilo lililokuwa neno letu la kwanza kuhusu siku ile tangu ipite, na lilitoka kwa sauti ya mzaha kwa sababu sikuwa na ujasiri wa sauti nyingine. Aliutoa mswaki mdomoni, akaushika mkononi, akafungua kinywa. Nikapitisha kijiti chenye pamba juu ya ulimi wake. Kisha nikavuta ile pamba juu ya sahani yenye chakula cha kuganda kilichochanganywa na damu ya kondoo, nikaweka sahani ndani ya kopo la kioo lenye mshumaa unaowaka, nikafunga mfuniko mpaka mshumaa ukazimika wenyewe, maana hawa hupenda hewa iliyokwisha kuvutwa. Alisema ni uchawi wa kizungu, lakini alitaka kurudi kesho yake kuona.

Kesho yake sahani ilikuwa imejaa vidoa. Ayeeyo aliinama juu yake, jicho jipya karibu liguse plastiki, na maswali yakaanza. Nimefundisha madarasa mengi na sijapata kuulizwa maswali kama yale. Wanakula nini? Nikamwambia damu ya kondoo na sukari kidogo. Akasema basi wanakula vizuri kuliko yeye. Wanazaa baada ya muda gani? Nikasema wakiwa na chakula na joto, mmoja hugawanyika akawa wawili katika muda usiofika saa moja, na hakuna dume. Alilifikiria hilo kundi linaloongezeka bila dume na bila mimba. Akasema angepata mfugo wa namna hiyo, ule ukame uliommalizia ngamia usingemsumbua.

Kisha akauliza swali la mfugaji. Kinywani mwa watu wako wengi, sivyo? Nikasema wengi mno. Wakichanganyika na wa mtu mwingine, nitawatambuaje walio wake? Ngamia wetu hupigwa chapa ya chuma cha moto, shavuni au shingoni au pajani, na mtu wa kwetu akiona chapa kwenye kisima cha mbali anajua boma la mnyama. Ayeeyo alitaka kujua hawa wake wana alama gani.

Ningeweza kusema hawana. Lakini nilikuwa na deni la maelezo kwake, kwa hiyo nilichukua siku tatu kumtafutia. Niliwatenga wale salivarius wake, nikawapanda mstari mmoja wima katikati ya sahani mpya. Walipoota nikaufuta mstari na kuwaua waliosalia, ili kibaki tu kile walichokimwaga kwenye ardhi ya sahani. Kisha nikampanda yule mkorofi wa vidonda vya koo, tunayemhifadhi kwa mafunzo, kwa mstari wa kulala unaoukata ule wa kwanza. Asubuhi yake mstari wa mkorofi ulikuwa umeota vizuri mpaka ulipokaribia katikati. Hapo ukakatika. Pakawa na pengo la upana wa ukucha, kisha ukaendelea upande wa pili.

Nikamwonyesha. Nikamwambia hapa ndipo walipokuwa wako, na adui hapiti. Si kila mtu anao wa namna hii. Ayeeyo alipitisha kidole juu ya mfuniko, juu ya lile pengo, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alifurahi. Nilimwona amefurahi hivyo mara chache, ngamia akizaa jike au mvua ikianza. Akautoa mswaki mdomoni.

“Hiyo ndiyo alama,” alisema. “Na kwako wewe iko? Nilikutafunia miaka miwili.”

Hakumtaja binti yangu, aliyekuwa amekaa pale kwenye stuli akichorachora na kalamu zangu. Alimtazama tu, halafu akanitazama mimi. Wanafunzi walikuwa wanaingia. Nikamwambia nitapima siku moja, inshallah, nikafunika sahani. Wiki iliyofuata alirudi Diff na jicho lake.

Sikupima. Nilijiambia nina kazi, na kweli nilikuwa nayo, lakini hiyo haikuwa sababu. Niliogopa. Kama mimi ninao na mtoto hana, basi kitu kilichotoka kwa mama zake ayeeyo na mama zao, kilichovuka ukame na vita na uhamaji, kilifika kwangu kikafia kwenye kijiko changu. Swali likikaa bila jibu, hata kosa halijathibitishwa.

Alifariki msimu wa mvua wa mwaka uliofuata, barabara ikiwa imekatika na lori zimekwama kwenye matope. Kwetu maiti hailali. Nilipofika Diff kaburi lilikuwa limeshanyeshewa mara mbili. Wajomba walinipa mtandio wake. Niliuvaa siku tatu, ukaisha harufu yake ukashika ya kwangu, nikajuta kwa nini niliuvaa.

Niliporudi kazini nilikumbuka kwamba nilikuwa na kisahani kwenye friji. Kilikuwa cha wale salivarius wake niliowatenga kwa ajili ya alama, nami nilikuwa nikiwahamishia sahani mpya mara kwa mara, bila mpango, kwa sababu walikuwa wazuri kwa somo. Siku hiyo nilikishika kwa mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na kitu kilichokuwa sehemu ya ayeeyo na bado kiko hai, kinakula, kinazaana. Tangu hapo hakikuwa tena cha somo. Bakteria hawa hawadumu kwenye sahani. Usipowahamishia chakula kipya hufa, na chuo chetu hakina mashine ya kuwakausha na kuwahifadhi. Ndiyo ikawa Jumatatu na Alhamisi.

Mkuu wa maabara, mtu wa milimani asiyependa maneno mengi, aliniuliza mara moja hii A ni mradi gani usiokwisha. Nikamwambia ni bibi yangu. Alinitazama, akafuta miwani, akatoka. Tangu siku hiyo nilikuta sahani mbili mpya za damu zimewekwa upande wangu wa friji kila Jumapili, na hatukulizungumza tena.

Niliwapoteza wakati wa Idi. Nilikwenda Diff kuzuru kaburi, nikakaa siku sita, na katika siku hizo stima ya Garissa ilipotea, ikarudi, ikapotea tena. Joto la Garissa wanalijua wanaoishi hapa. Niliporudi, friji ilikuwa na maji sakafuni na visahani vyote vya A vimefunikwa na ukungu wa kijani. Nilichota kila pembe iliyokuwa safi, nikapanda sahani saba, nikazitia kwenye makopo ya mishumaa. Ziliota ukungu na bakteria wa vumbi. Nikapanda tena. Hivyo hivyo.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya maabara nikalia kuliko nilivyolia msibani. Msibani nilikuwa na watu wa kunitazama, na pia nilikuwa na kisahani. Nilikuwa nimekwenda kumzuru mahali alipozikwa, na kwa safari hiyo nikamuua mahali alipokuwa hai. Mkuu wa maabara alipita mlangoni, akaona, akawaambia wanafunzi somo limeahirishwa.

Sasa sikuwa na pa kujifichia tena. Hapa Garissa ayeeyo alikuwa amebaki katika vinywa viwili tu, au kimoja, au hakuna. Jumapili jioni nilimkalisha binti yangu, aliyekuwa amefika miaka mitano, nikamwambia afungue mdomo. Aliniuliza kama ninatafuta jino bovu. Nikamwambia natafuta ngamia. Alicheka mpaka pamba ikamgusa koo, akakohoa. Kisha nikajichota mwenyewe mbele ya kioo. Nikaandika herufi ya kwanza ya neno mama kwenye kisahani kimoja, na ya neno binti kwenye kingine.

Kazi yenyewe ni ya siku kadhaa na haiharakishwi. Kuwatenga, kuwapaka rangi, kuwapanda mstari wa wima, kungoja, kufuta, kumpanda adui. Yule mkorofi alikuja mpya kutoka Nairobi, amekaushwa ndani ya kichupa, kwa hiyo ukungu haukumpata. Katika siku hizo sikulala vizuri na nilimkaripia kila mtu, na mume wangu akahamishia chai yake barazani.

Ijumaa asubuhi nilifungua kopo. Nilianza na cha kwangu. Mstari wa adui ulikuja umenyooka, ukafika katikati, ukakatika, pengo la upana wa ukucha, ukaendelea. Sikufurahi. Nilizidi kuogopa, kwa sababu sasa nilijua kwamba nilikuwa nimekabidhiwa. Nikakaa kitambo na kile kisahani cha pili mkononi, kimefunikwa, kimepinduliwa chini juu. Nikakigeuza.

Pengo lilikuwepo. Nilikiweka juu ya kile cha kwanza na kuvielekeza dirishani, na mwanga ukapita sehemu ile ile katika vyote viwili.

Mkuu wa maabara alikuja akasimama nyuma yangu. Akaniambia ukweli, kama ilivyo tabia yake: wako watu wengi duniani wenye bakteria wa namna hii, pengo si ushahidi, ungetaka uhakika ungehitaji mashine ya kusoma vinasaba, na bibi wa kumpima hayupo tena. Nikamwambia najua, mimi ndiye ninayefundisha somo hilo. Lakini ayeeyo hakuniuliza vinasaba. Aliniuliza alama. Chapa ya ngamia nayo haikuambii huyu ni mnyama yupi. Inakuambia ametoka boma gani, na kwa mtu aliyepotelewa hilo linatosha kumfungulia lango. Akafikiri kidogo, akasema kwa hilo hawezi kubishana.

Alipotoka nikajiuliza imefikaje kwa mtoto, na jibu lilikuwa rahisi mpaka likaniumiza. Kijiko nilikichemsha. Halafu nikambeba mtoto kifuani, nikampulizia uji, nikauonja kwanza kwa kijiko kile kile nijue kama una moto, nikambusu mdomoni mara zisizohesabika, kwa miaka, bila kukumbuka hata siku moja kwamba mimi nami nina mate. Nilikuwa nimemkataza ayeeyo kuingia, na wakati ule ule alikuwa ameshakaa juu ya ulimi wangu, ulimi huo huo niliokuwa nikimkatazia.

Nilitamani kumwambia. Sijawahi kutamani kitu namna ile. Nilitaka nimwone akiutoa mswaki mdomoni, akipitisha kidole juu ya vifuniko viwili, aniulize tena wanazaa baada ya muda gani. Nilitaka anisamehe kwa Kisomali. Lakini hakuwa ameniacha katika Kisomali. Aliniacha kwenye ukingo wa kitanda, akiuliza kijiko kiko wapi, na hapo ndipo ilipobidi nimfuate. Nikafunga mlango wa maabara. Nikavishika visahani vyote viwili, nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha sokoni:

“Iko, ayeeyo. Kwangu iko, na kwa mtoto iko.”

Wanafunzi walikuwa wameshaanza kubisha mlango.